Darasa la Pili Nililisoma kwa Mgongo

Goti langu la kulia lilikwama chini ya dawati.

Dawati lenyewe lilichongwa kwa ajili ya mtoto wa miaka minane. Mimi nina thelathini na minane, na tangu nihamie Nebraska, huku Marekani, sijawahi kulala njaa. Lakini chumba kilikuwa kitupu, sikuona kibao cha kunikataza, nikajipenyeza. Kutoka ndiyo ikawa kazi. Nikabaki hivyo, mguu mmoja ndani mmoja nje, mbele yangu jiko la chuma na ubao mweusi, pembeni madirisha yanamwaga jua la Aprili sakafuni.

Nikapiga picha, nikamrushia Mama kule Singida.

Kwao ilikuwa usiku, nikajua ameshalala. Kabla sijalinasua goti, sauti yake ikaingia kwenye simu, sekunde kumi na moja tu, nyuma yake mbwa wanabweka:

"Nimeiona, mwanangu. Si shule shikizi kabisa hiyo? Chumba kimoja, ubao mmoja. Sasa mbona wao hawajaibomoa?"

Niliisikiliza mara tatu palepale kwenye dawati.

Leo ni Juni. Nimeshaandika makala nyingine mbili hapa, moja ya ugali wa mahindi ya Kimarekani na nyingine ya kodi, na zote nilikuwa naandika ili nisiandike hii.

## Bibi na jiko lake

Kazi yangu ni kuhudumia wazee mjini Lincoln. Kati ya wazee wangu yuko bibi mmoja aliyewahi kufundisha shule ya chumba kimoja huko mashambani, mwaka 1952, akiwa na miaka kumi na tisa. Mambo ya jana yanampotea. Ya 1952 yote anayo.

Ananisimulia wakati namfunga vifungo vya sweta. Kwamba baridi ikishika alilazimika kufika kabla ya watoto ili awashe jiko, na kwamba likishapamba moto, mtoto aliyekaa karibu alikuwa anaiva shavu huku wa ukutani wino unamgandia. Kwamba alikuwa na madarasa manane kwa pamoja, la kwanza hadi la nane, ingawa mwaka ule la tano halikuwa na mtoto hata mmoja.

"Ulifundishaje madarasa manane?" nilimuuliza siku moja.

Akanieleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kukaanga yai. Mbele ya chumba kulikuwa na benchi. Anaita la kwanza, wanakuja kukaa, wanasoma kwa sauti, anawasahihisha, dakika kumi wanarudi. Anaita la pili. Hivyo hivyo hadi la nane, halafu anabadili somo na kuanza upya. Waliobaki kwenye madawati wanaendelea na kazi zao kimya.

"Kimya kweli?"

"Walikuwa wanasikiliza," akasema, "huku wakijifanya hawasikilizi."

Mikono yangu ikasimama kwenye kifungo cha tatu.

Jumamosi iliyofuata nikawasha gari kwenda kusini, safari ya kama saa moja, hadi nje kidogo ya mji wa Beatrice.

## Nyumba yenyewe

Inaitwa Freeman School. Ni nyumba ya matofali mekundu, kuta zake zina unene wa futi nzima, imesimama peke yake kando ya barabara na nyasi zimeizunguka. Ilijengwa 1872 na watoto waliingia na kutoka humo hadi 1967. Miaka 95. Hakuna shule nyingine ya chumba kimoja Nebraska iliyotumika mfululizo kwa muda mrefu hivyo. Leo iko mikononi mwa idara ya hifadhi za taifa, idara ileile inayotunza mabonde na milima mikubwa ya Marekani. Fikiria TANAPA ikabidhiwe darasa.

Ilipo hifadhi ile si bahati nasibu. Mwaka 1862 Marekani ilipitisha sheria ya kugawa ardhi: ekari 160 kwa mtu atakayekaa juu yake miaka mitano, akajenga, akalima. Ada zote kwa jumla hazikuzidi dola 18. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1863, na mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuandikisha eneo ni Daniel Freeman, ambaye ardhi yake ndiyo hifadhi yenyewe leo. Inasimuliwa kwamba alikuwa mwanajeshi mwenye haraka ya kurudi kikosini, akamkuta karani wa ardhi kwenye sherehe ya mwaka mpya, akamsihi afungue ofisi usiku wa manane uleule. Mimi hadithi hiyo naipokea kama ninavyopokea hadithi za babu yangu na simba. Hati ya ardhi, hata hivyo, ipo.

Kilichonishangaza zaidi ni ramani. Wapimaji waliikata nchi vipande vya mraba, maili sita kwa maili sita, kila kipande kikagawanywa viwanja 36. Hapa Nebraska kiwanja namba 16 na namba 36 vilitengwa kwa ajili ya shule, mapato yake yasomeshe watoto. Yaani shule ilikuwa na fungu lake kwenye karatasi kabla hata mzazi wa kwanza hajashuka kwenye gari la ng'ombe.

Kwetu ilikuwa kinyume. Kwetu shule ilikuja baada ya korongo kuchukua watoto wawili.

## Ile ya kwetu

Waliosoma Tanzania sina haja ya kuwaeleza shule shikizi ni nini. Kwa wengine: ni kituo kidogo cha watoto wadogo wanaoishi mbali, kilicho chini ya shule kamili inayoitwa shule mama. Sisi shule mama ilikuwa kilomita saba, na katikati kuna korongo ambalo masika likijaa halina mzaha. Baada ya msiba ule wazazi waliacha kusubiri. Wakapiga msaragambo: wanaume wakafyatua tofali, wanawake wakasomba maji na nyasi za kuchomea, mwenye bati mbili akatoa moja. Chumba kikasimama. Shule mama ikatuletea mwalimu mmoja, wa kundi la UPE, ile kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, wale waliochukuliwa wamemaliza darasa la saba wakafundishwa kazi wakiwa kazini. Alipewa chumba kwa mzee mmoja, chakula akala kwa zamu, wiki hii mji huu, wiki ijayo mji ule. (Bibi wa Lincoln nilipomwambia hili alicheka. Anasema kwao walimu wa zamani waliishi hivyohivyo, na kwamba mama yake alikuwa akijua ni wiki yao kwa sababu kuku walianza kujificha.)

Chumba chetu kilikuwa na mbao mbili. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Kwa kweli hazikuwa mbao. Zilikuwa sehemu mbili za ukuta, moja mashariki moja magharibi, zilizopakwa mchanganyiko wa mkaa wa betri kuukuu za redio uliopondwa na kukorogwa na maji ya majani. Mwalimu alirudia kuzipaka kila mwanzo wa muhula, na wiki ile nzima tulirudi nyumbani viganja vyeusi. Darasa la kwanza tulikaa tunatazama mashariki. Darasa la pili wakatazama magharibi. Tuliketi juu ya tofali, migongo yetu ikiwa karibu kugusana na migongo yao. Katikati, kwenye njia nyembamba kama ya mbuzi, alitembea Mwalimu na chaki moja aliyoikata vipande viwili.

Anatuandikia sisi a, e, i, o, u. Anageuka. Anawaandikia wao tisa mara nne.

Sisi tunanakili huku tunawasikia wao wanaimba jedwali la tisa nyuma ya visogo vyetu. Na sauti, tofauti na macho, haina upande. Mimi nilikuwa mwepesi wa kunakili, nikimaliza irabu zangu nilikuwa nimebaki na masikio tu. Nilimaliza darasa la kwanza nikiwa na tisa zote hadi tisa mara kumi na mbili, na sijui kuandika jina la baba yangu vizuri.

Darasa la pili nililisoma kwa mgongo.

Mwaka uliofuata nilipogeuzwa kutazama magharibi, nilikuta yote nayajua, nikaanza kuwasikiliza wa darasa la kwanza. Nikawa natikisa kichwa wakikosea. Mwalimu alinipiga kwa hilo. Alinipiga pia kwa kugeuka nyuma, maana nilikuwa nageuka sana, nikitaka kuona uso wa mtu aliyejibu vizuri.

## Kulabu

Jambo jingine lililofanana. Freeman School haikuwa shule tu. Jumapili watu wa Kilutheri waliwahi kusali humo, siku za uchaguzi wapiga kura walikuja humo, jioni nyingine palikuwa mdahalo au hafla ya kuchangisha fedha.

Chumba chetu nacho kilikuwa hivyo. Jumapili kanisa. Mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi, sisi tukafukuzwa siku kadhaa, tuliporudi tukakuta kipande cha kamba na harufu ya watu wazima. Na mara moja kwa mwezi ilikuwa kliniki: nesi anakuja na baiskeli, anatundika mizani kwenye kulabu ya boriti, watoto wachanga wanavalishwa kile kikaptula cha turubai na kuning'inizwa wanalia kama mbuzi mnadani.

Mizani ilikwenda na nesi. Kulabu ilibaki. Kila nilipokwama kwenye hesabu nilitazama ile kulabu juu.

Nilipokuwa kwenye dawati la Nebraska, goti limenasa, nilijikuta nainua macho darini kuitafuta.

## Ugomvi

Ningeishia hapo, makala hii ingekuwa fupi na tamu, na mngesema mmekumbuka nyumbani. Lakini nilirudi na vipeperushi vya hifadhi, na wiki ile nikaanza kusoma.

Yule Freeman wa ardhi alikuja kuishtaki shule hiihii, iliyokuwa jirani naye. Mwaka 1899 mwalimu Edith Beecher alikuwa akisoma Biblia darasani, akiomba na kuimbisha watoto nyimbo za dini. Freeman akamtaka aache. Mwalimu akajibu kwamba bodi ya shule imemruhusu. Bodi ikamuunga mkono mwalimu, mahakama ya wilaya ikaiunga mkono bodi. Mzee hakukubali. Akaipeleka hadi Mahakama Kuu kabisa ya jimbo la Nebraska, na mwaka 1902 ikampa haki: shule inayoendeshwa kwa kodi ya wote haiwezi kuwa na ibada ya kundi moja. Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe ilifika huko miaka 60 baadaye, katika kesi za 1962 na 1963.

Chumba kimoja, kijiji kimoja, na kesi iliyokwenda mbali hivyo.

Nilifurahi, na nitasema kwa nini. Nyumba zikishahifadhiwa huwa zinanyamaza. Zinapakwa rangi, dawati zinapangwa mstari, na unayeingia unadhani walioishi humo walikuwa watu wa kuongea kwa upole. Kumbe waligombana wakaburuzana mahakamani. Kwetu pia msikiti wa kijiji uliwahi kulalamika: kama Jumapili ni kanisa, Ijumaa iwe nini? Kikao kilichukua siku mbili. Mwishowe wakakubaliana kwamba benchi za kanisa zitolewe nje kila Jumapili jioni, na kweli zilitolewa, kwa miaka yote ile, na mvua ikazioza.

## Upande wa kusini wa kaunti

Halafu nikasoma jambo ambalo sikulitafuta.

Shule ile iko kaunti ya Gage. Wakati inafunguliwa, 1872, sehemu ya kusini ya kaunti hiyohiyo, kando ya mto Big Blue, ilikuwa eneo walilowekwa watu wa Otoe na Missouria tangu 1855. Hao ndio wenyeji waliokuwa wamebanwa kutoka ardhi pana iliyokuja kugawiwa ekari 160 kwa dola 18. Mwaka 1881 wakahamishwa kabisa, wakapelekwa kusini, ambako leo ni Oklahoma. Kwa hiyo kwa miaka tisa watoto wa walowezi walisoma kwenye kuta zile nene wakati watoto wa Otoe wako mwendo wa siku moja tu, wakisubiri kufukuzwa.

Na shule ya watoto wa wenyeji ilikuwapo, katika jimbo hilihili. Genoa, ilifunguliwa 1884 ikafungwa 1934. Bweni. Watoto waliletwa kutoka makabila zaidi ya 40, wakakatwa nywele, wakavalishwa sare, wakapangwa mistari ya kijeshi, wakakatazwa lugha za mama zao. Wakati mmoja walikaribia 600. Wengine walifia huko, na hadi leo watu wanayatafuta makaburi yao. Sehemu ya majengo ya Genoa nayo imehifadhiwa.

Nilikaa na hilo siku nyingi. Shule mbili, jimbo moja. Moja wazazi waliijenga wakaweza hata kuishtaki. Nyingine ilijengwa ili mzazi asifike.

Mimi ni Mnyaturu. Shuleni lugha ilikuwa Kiswahili, na shule mama ukiongea kilugha unachapwa. Sitaki kulinganisha, si jambo moja na hakuna aliyetuiba usiku. Ila nikamkumbuka Mwalimu katika njia yake ya mbuzi. Tulipoingia la kwanza, wengi wetu Kiswahili kilikuwa cha redioni tu. Mwalimu alikuwa anatuandikia kwa Kiswahili, anasoma kwa Kiswahili, halafu anainama, anatueleza kwa Kinyaturu, chinichini, kama mtu anayevunja sheria. Na alikuwa anaivunja. Mkaguzi alipokuja, mara moja tu kwa miaka ile miwili, Mwalimu aliongea Kiswahili kitupu asubuhi nzima na hatukuelewa kitu.

## Nisijidanganye

Katika wiki hizi nimejikamata mara kadhaa nikitaka kuandika kwamba shule ile ilikuwa nzuri.

Haikuwa nzuri. Kila mwisho wa mwezi Mwalimu alifunga safari kwenda wilayani kufuata mshahara, kwa miguu hadi barabarani kisha lori, na kama mshahara haujafika alilala huko akiusubiri. Siku tatu. Siku tano. Sisi tuliachiwa kiranja na fimbo. Tulifagia uwanja mpaka ukawa na mashimo. Mwaka wa pili kulikuwa na kitabu kimoja cha kusoma kwa watoto kumi na wanane, na aliyekaa upande wa pili alijifunza kusoma maneno kichwa chini (yupo hadi leo, ni fundi cherehani Manyoni, bado anaweza). Tulioanza pamoja tulikuwa ishirini na watatu. Waliovuka kwenda sekondari nawahesabu kwa mkono mmoja na kidole kinabaki.

Na mgongo uliosikia jedwali la tisa ndio mgongo uliopigwa.

Kwa hiyo mimi si wa kuwaambia wazazi wa leo kwamba chumba kimoja kina hekima yake. Kaweke mtoto wako kwanza.

## Jibu la swali la Mama

Lilikuja wiki ya tano, na lilikuja kwa kupitia bibi wa sweta. Nilimuuliza shule yake ilipo. Akaniangalia kama nimeuliza alipo marehemu.

"Walikuja na mnada," akasema. "Wakauza madawati, wakauza jiko. Nyumba akainunua jirani, akaweka nafaka."

Mwanzoni mwa karne iliyopita Marekani ilikuwa na shule za chumba kimoja zaidi ya 200,000. Laki mbili! Yakaja magari, zikaja barabara, yakaja mabasi ya njano, shule zikaunganishwa. Vyumba vikawa maghala, mabanda, nyumba za kuishi, vingi vikaachwa vikaanguka vyenyewe. Hapa Nebraska watu waliving'ang'ania kuliko kwingi: bunge la jimbo lilipopitisha mwaka 2005 sheria ya kuziunganisha kwa lazima wilaya ndogo zenye shule za msingi peke yake, wananchi walikusanya saini, na Novemba 2006 wakapiga kura kuifuta. Wakashinda. Lakini wilaya zenyewe zilikuwa zimeshavunjwa tangu Juni.

Kwa hiyo, Mama, walizibomoa. Walizibomoa karibu zote. Nilichokutumia ni picha ya ile moja waliyoisahau mkononi.

Nilimtumia ujumbe huo. Akanijibu kwa sauti, sekunde nne: "Aa, kumbe. Basi sawa na sisi."

Nilidhani nitapata nafuu. Sikupata.

## Matofali

Yetu ilianguka wakati wa MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi. Ada ilifutwa, watoto wakafurika, fedha za ujenzi zikaja, shikizi ikawa shule kamili yenye namba yake. Vyumba vitatu vipya, saruji chini. Nani alie? Bati kuukuu zikatolewa, ukuta ukasukumwa kwa mitarimbo asubuhi moja, tofali nzima zikatengwa. Kwa hizo wakajenga vyoo vya wasichana. Nilikuwa nimeshaondoka, nasikia tu. Nilisikia pia kwamba zile zilizopakwa masizi hazikukubali plasta vizuri, kwa hiyo kwa ndani, upande wa kushoto, ukuta wa choo una mabaka meusi.

Dada zangu wadogo walikitumia choo hicho. Hakuna hata mmoja aliyejua anatazama nini.

Na hapo ndipo swali lilipogeuka. Sina ugomvi na choo. Wasichana walikihitaji choo kuliko mimi ninavyohitaji kumbukumbu, na ningekuwa kwenye kikao ningenyoosha mkono kukubali. Kilichonikera ni kwamba kwenye dawati lile, katika chumba kilichotunzwa hadi msumari, sikusikia chochote. Walihifadhi kila kitu cha kuonekana. Benchi, jiko, ubao. Kile alichoniambia bibi kwa neno moja, kusikiliza huku ukijifanya husikilizi, hakikuwa na mahali pa kuwekwa.

Tarehe 11 Aprili 1965 Rais Lyndon Johnson alikwenda kutia saini sheria kubwa ya fedha za elimu nje ya Junction School huko Texas, shule ya chumba kimoja aliyopelekwa 1912 akiwa na miaka minne. Nayo imehifadhiwa. Meza ikawekwa nje. Na kando yake, kwenye kiti, akamkalisha Kate Deadrich Loney, mwalimu wake wa kwanza. Alitafutwa akaletwa. Rais mzima, na nyumba ile pale nyuma yake, bado akaona nyumba haitoshi.

Nikampigia Mama nikamwomba namba ya Mwalimu.

## Simu

Kumbe yuko hai, kumbe yuko Itigi kwa mwanawe, kumbe Mama alikuwa na namba yake miaka yote na sikuwahi kuuliza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja, jina la baba, jina la kijiji. Kimya. Nikasikia redio inapunguzwa.

"Wewe ni yule wa kugeuka," akasema.

Sikuweza kujibu mara moja. Akadhani simu imekatika, akaanza alo, alo, nikasema nipo, Mwalimu, nipo. Akaniuliza watoto, akaniuliza kazi, akaniuliza kama huku kuna mihogo. Nikamweleza ya Freeman School. Nilitarajia, sijui, aguswe. Mwalimu akawa ananihoji kama mkaguzi. Watoto wangapi? Mwalimu mmoja? Madarasa mangapi?

"Manane, Mwalimu."

"Manane!" Akapiga mluzi. "Na mbao ngapi?"

"Upande mmoja tu. Mbele."

"Sasa waligeukia wapi?"

"Wote mbele."

Akafikiri. Nilimsikia kabisa anafikiri, anapanga tofali kichwani, anajaribu kuwakalisha.

"Wote mbele," akarudia. "Hapana. Wa kwanza wataona ya wakubwa yote, watachanganyikiwa. Mimi ningewageuza." Kisha, baada ya kikohozi kirefu: "Hebu nitumie hiyo picha. Ila mjukuu wangu ndiye ana simu ya kuonyesha picha, anarudi shule saa kumi."